Trekta Haikai Kwenye Droo

Verlene Combs alipika chakula cha mchana katika shule ya msingi ya Bledsaw kwa miaka ishirini na minane. Katika kaunti yote ile ya milima ya Kentucky, ni vigumu kumpata mtu wa chini ya miaka arobaini ambaye hajala maharage yake, au hajakaripiwa kwa kuyabakisha. Lakini ukimuuliza mwenyewe ni kazi gani ya maana aliyowahi kufanya, hataji sufuria hata moja. Atakusimulia zile siku tisa alizoitwa mahakamani kukaa na wananchi wenzake kumi na mmoja, kuamua kama jamaa mmoja alichoma ghala au hakuchoma. Aliingia mpishi akatoka mwanasheria. Kilichopungua ni cheti tu.

Tangu hapo watu hawakupumua. Kwenye foleni ya duka, kwa msusi, hata kanisani kabla mchungaji hajapanda mimbarini, Verlene alikuwa akitoa darasa. Askari akibisha mlangoni, muulize hati ya upekuzi. Akiwa nayo, isome yote. Akikuuliza swali, funga mdomo, omba wakili.

"Jela imejaa watu waliojieleza," alipenda kusema, na hapo humkazia macho msikilizaji kama vile anamshuku.

Mumewe Hobart, fundi wa mitambo aliyestaafu kutoka mgodi wa makaa, alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwacha aseme. Ila akimkuta anapekua mifuko ya suruali zake kabla ya kufua, alimuuliza taratibu:

"Hati iko wapi, mama?"

"Huu si upekuzi, ni usafi," Verlene alimjibu, huku akitoa misumari.

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, jirani yao Estill aliamka akakuta trekta yake ndogo ya kukatia nyasi haipo. Alifuata alama za magurudumu kwenye umande, akaona zinaelekea upande wa kina Combs, akapiga simu. Kabla chai haijapoa, Delmas Skaggs, askari wa sherifu, alikuwa amesimama barazani kwa Verlene, kofia mkononi.

"Shikamoo, Bi Verlene."

"Marahaba, Delmas. Mbona umekonda? Mkeo hakupikii?"

"Ananipikia. Bi Verlene, naomba nichungulie bandani kwenu, dakika mbili tu. Trekta ya Estill imepotea."

"Una hati?"

"Jamani, si ni mimi!"

"Nakujua tangu hujui kufuta kamasi. Una hati?"

Delmas alirudi kwenye gari lake masikio yamemwiva. Saa saba mchana akaja tena na wenzake wawili na karatasi iliyotiwa sahihi na jaji. Verlene alivaa miwani, akaisoma pale mlangoni neno kwa neno, mpaka muhuri, huku wanaume watatu wakipigwa jua. Hati iliruhusu kupekua banda na nyumba, kutafuta trekta moja ya kukatia nyasi, rangi nyekundu. Basi. Hakuna kingine.

"Haya, piteni," alisema, karibu kwa masikitiko. Alikuwa ametamani kosa la tahajia.

Bandani hamkuwa na trekta. Nyuma ya nyumba haikuwapo, wala sebuleni. Sasa Delmas, ambaye tangu asubuhi wenzake walikuwa wakimtania kwa kufukuzwa na mpishi, hakutaka kuondoka mikono mitupu. Akaingia jikoni akavuta droo iliyo karibu na jiko.

"Delmas!" Verlene alisema. "Ni trekta gani hiyo inayokaa na vijiko?"

Chini ya vitambaa vya kufutia vyombo palikuwa na chupa ya jamu iliyojaa kitu cheupe kama maji. Delmas akafungua kifuniko, akanusa, machozi yakamtoka. Gongo. Ya kupikwa nyumbani, bila kibali cha mtu yeyote.

"Ya nani hii?"

Jibu Verlene alilijua. Alikuwa amelifundisha nusu ya kaunti. Akabana midomo, akakunja mikono kifuani, akatazama dari. Na hapo Hobart, aliyekuwa amesimama kando ya friji, akasema neno moja:

"Yangu."

Hobart alikuwa hajaonja pombe miaka thelathini. Gongo ilikuwa ya Verlene. Alikuwa akiipika mwenyewe nyuma ya kibanda cha kukaushia nyama, kama bibi yake alivyomfundisha. Dawa ya kikohozi, alisema, na kikohozi chake kilikuwa na ratiba, kilikuja kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Aligeuka kumtazama mumewe, mdomo ukiwa tayari umefunguka, lakini Hobart alimfinya kiwiko. Nyamaza.

Wakamfunga pingu. Delmas akaanza kumsomea haki zake: ana haki ya kukaa kimya, na lolote atakalosema linaweza kutumiwa dhidi yake mahakamani.

"Umeruka pa wakili," Verlene alimwambia, machozi yakimtiririka.

"Nilikuwa nafika huko, Bi Verlene."

"Hukuwa unafika. Msomee."

Delmas akamsomea kwamba ana haki ya wakili, na kama hana uwezo atapewa mmoja. Jioni hiyo hiyo Hobart akaachiwa kwa ahadi ya kufika mahakamani. Jumanne trekta ilionekana. Shemeji yake Estill aliiazima akamwambia mke wa Estill, naye akasahau kumwambia mumewe. Estill alikuja kuomba radhi akiwa na chungu cha maua, lakini kesi ya chupa ikabaki pale pale.

Wakili aliyepewa Hobart aliitwa Tamsin Gayheart, mwanamke kijana aliyetembea na mafaili sita kwapani. Aliomba mahakama iitupe ile chupa, isitumike kama ushahidi, kwa sababu imepatikana kinyume cha hati. Shahidi wake alikuwa Verlene.

"Utaulizwa chupa ilikuwa wapi na nani alifungua droo," alimweleza. "Jibu hilo tu. Kwa kifupi."

"Binti, hayo mimi nayafundisha."

Siku yenyewe mahakama ilijaa. Delmas alitangulia, akaapa, akasema alikuwa akitafuta ufunguo wa trekta. Jaji, mama mmoja mnene wa sauti ya chini, aliinua ile hati.

"Ufunguo umeandikwa wapi humu?"

Delmas aliipokea karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena. Upande wa nyuma nao haukuwa na kitu.

Verlene alipopanda kizimbani alijibu vizuri kweli. Droo ya jikoni. Delmas. Upana wa droo, shubiri tatu. Tamsin akatabasamu, akakaa. Ndipo mwendesha mashtaka akasimama.

"Kwa hiyo, Bi Combs, mumeo alificha pombe yake kwenye droo yako ya..."

"Si yake!"

Faili moja likamponyoka Tamsin.

"Mwanaume huyu hawezi hata kuchemsha yai," Verlene aliendelea. "Nimeipika mimi, kwa mahindi yangu mwenyewe, na sijawahi kuiunguza!"

"Pingamizi!" Tamsin alipiga kelele, ingawa hakuwa na hakika anampinga nani.

"Bi Combs," jaji alisema, "nyamaza."

"Mheshimiwa, nimeapa kusema ukweli wote."

"Una haki ya kutojishtaki mwenyewe. Naambiwa unaifahamu."

"Naifundisha, Mheshimiwa."

"Basi leo jaribu kuitumia."

Ukumbi mzima ukacheka, na Delmas pia, mpaka alipokumbuka yuko upande gani. Hobart peke yake hakucheka. Alikuwa amejifunika uso kwa viganja.

Jaji hakuchukua muda. Askari anayetafuta trekta, alisema, anaruhusiwa kutazama mahali ambapo trekta inaweza kukaa. Kilichotoka kwenye droo hakihesabiki. Hobart akawa huru. Macho yote yakamgeukia mwendesha mashtaka, maana Verlene alikuwa amejianika mwenyewe. Yeye alikuna kichwa. Chupa haikuwepo tena, na ili kumtia hatiani mama yule, hata kwa kesi ndogo kama hiyo isiyohitaji wananchi kumi na wawili, angehitaji watu sita wa kaunti hiyo wakubaliane, na hao sita wote wangekuwa wamelishwa naye. Yeye mwenyewe alisoma Bledsaw. Akasema serikali haina la zaidi.

Wakapanda gari kurudi nyumbani, Hobart akiendesha.

"Yangu," Verlene alimwigiza. "Yako nini? Hata harufu yake huijui."

"Mimi nimesema neno moja," Hobart alijibu. "Wewe umetoa mpaka mapishi."

Verlene alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani. Kisha akauweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe pale kwenye gia, akauacha hapo mpaka walipofika nyumbani.

Mtambo wa kupikia gongo Verlene aliubomoa mwenyewe wiki hiyo hiyo. Bomba la shaba hakulitupa. Alilikatakata vipande na kuvichomeka bustanini, vishike miche ya nyanya. Mwezi wa Agosti wageni walizisifu sana zile nyanya, na mmoja akauliza mabomba mazuri namna ile yametoka wapi. Hobart alimtazama mkewe. Verlene akamtazama mgeni, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kaunti ile hakusema kitu.