Wimbo wa Palizi Uliofika Ofisini

Mwalimu Alute alikuwa na miaka ishirini na tisa alipopewa kazi ambayo hakuna mkufunzi mwingine wa chuo chake aliyeitaka. Barua ilikuwa imetoka Sweden, mwanzoni mwa mwaka 1975. Chuo kimoja cha huko kilitaka kuleta wanafunzi kumi na wawili Singida kwa wiki sita, wajifunze ushairi wa wenyeji pamoja na nchi ulikotoka. Wakufunzi waliguna. Wazungu wapande ndege kuja kusoma mashairi kwenye mawe? Alute alinyoosha mkono, na mkuu wa chuo akamsukumia faili zima.

Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Shule ya msingi alichapwa kwa kuandika nyimbo za bibi yake nyuma ya daftari la hesabu. Alipokuwa mtu mzima aliendelea kuziandika, tofauti ni kwamba sasa hakuna aliyemchapa.

Kozi aliipanga kwa kanuni moja: wimbo usomwe pale ulipozaliwa. Siku ya kwanza ziwa la chumvi, ya pili majabali, ya tatu kisima. Lakini iliyomnyima usingizi kwa furaha ilikuwa siku ya nne, siku ya wimbo wa Damari.

Damari alikuwa mama yake mdogo, ndiye aliyemlea. Kwao, Unyaturu, shamba la nyumbani halipimwi kwa udongo tu, hupimwa kwa samadi ya miaka, na wimbo wa palizi wa Damari uliwataja ng'ombe mmoja mmoja waliolala pale kabla zizi halijasogezwa: yule wa mahari, yule mwekundu aliyekufa mwaka wa njaa. Kisha ulitaja njia. Anzia kwenye jiwe lililobeba jiwe, liache jua la asubuhi begani kushoto, fuata ua wa minyaa mpaka utakapokatika. Aliyeujua wimbo alilijua shamba na mipaka yake.

Jumamosi moja Alute aliujaribu. Hakumwuliza mtu njia. Aliimba polepole, akageuka pale wimbo ulipogeuka, na alipofika mwisho wa minyaa akamkuta Damari na wanawake watatu wameinama, wanapalilia mtama uliofika magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani amekuleta huku?"

"Wimbo wako."

Wale watatu walicheka. "Damari, umezaa mbwa wa kunusa!" alisema mmoja. Damari alitabasamu kidogo tu, akatazama njia aliyopitia Alute.

Kwa furaha yake, Alute hakujiuliza wanawake wale walifanya nini pale. Mwaka uliopita familia zote za huko zilikuwa zimehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, upande wa Ihanja. Nyumba za zamani zilikuwa mahame, na amri ilisema mahame yasilimwe. Kila mtu alime shamba la pamoja. Alute aliijua amri hiyo. Alikuwa ameisikia redioni kama kila mtu.

Redempta, mpiga chapa wa chuo, alikuwa akipiga mpango wa kozi pamoja na nyimbo zake, akasimamisha vidole alipofika siku ya nne. "Mwalimu, umeandika 'wanafunzi watawakuta wanawake wakipalilia.' Siku hizi mahame yanapaliliwa?"

"Huo ni mfano hai, Redempta. Piga tu."

"Haya. Vidole vyangu, kichwa chako."

Nakala moja ilipelekwa kwenye ofisi iliyotoa vibali vya wageni. Baada ya wiki mbili alikuja Bwana Fabiano, ofisa wa mambo ya vijiji, mtu mpole wa kutoka Iramba, na ile nakala mkononi.

"Nimekisoma kitabu chako chote, mwalimu. Mimi si mtu wa mashairi, lakini siku ya nne imenigusa. Kesho asubuhi tutaufuata wimbo, mimi na wewe."

"Kesho nina kipindi, mzee."

"Nimeshazungumza na mkuu wako."

Mwezi uliotangulia, katika kijiji kingine, mtama uliokutwa mahameni ulifyekwa wote. Alute alichukua baiskeli mchana uleule, akaenda kwa Damari, akamweleza bila kujitetea.

Damari alikuwa anapepeta. Ungo ulisimama. "Shamba la pamoja limetupa magugu. Ule mtama ni chakula cha nyumba nne mpaka mwakani. Ulipokuwa unaandika, ulidhani atasoma nani?"

"Wanafunzi, mama."

"Na sasa?"

"Nitajua la kufanya."

"Basi lifanye. Lawama zako nitakuwekea mpaka tuvune."

Asubuhi Landrova ilisimama kwenye jiwe lililobeba jiwe. Fabiano alikunjua karatasi, akasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la pili: "'Liache jua begani kushoto.' Jua lile pale. Twende."

Kutoka pale hadi shambani hazikuzidi hatua mia tatu. Alute aliona nyasi zilizolala kwa kukanyagwa.

"Mzee," alisema, "wimbo unaishia hapa. Beti zilizobaki nilitunga mwenyewe."

"Ulitunga?"

"Ili kozi iwavutie wageni."

"Na wanawake wanaopalilia?"

"Hao pia."

Fabiano alizitazama nyasi. "Na nyayo hizi?"

"Waokota kuni."

Yule mzee aliikunja karatasi. "Petroli yangu ni kidogo na kazi ni nyingi," alisema. "Lakini siwezi kurudi na maneno ya mdomoni. Andika."

Alute aliandika juu ya boneti ya gari, kwa mwandiko wake mzuri wa ualimu: kwamba wimbo wa siku ya nne, pamoja na shamba na mipaka yake, ni uzushi wake, kwamba hakuna shamba kama hilo. Akatia sahihi na tarehe.

Kibali hakikutoka. Chuo cha Sweden kiliandikiwa barua fupi ya kuomba radhi, na mkuu akamwondoa Alute kwenye vipindi vya fasihi, maana mwalimu anayezua nyimbo za jadi hafai kuzifundisha.

Mtama ulivunwa mwezi wa sita. Alute alikwenda kumwona Damari, akaandaliwa ugali wa mtama ule na mlenda. Alikula kwa shauku ya mtu anayengoja kusamehewa, na katikati ya chakula akamsimulia, kwa mara ya kwanza, maneno yenyewe aliyoyaandika.

Damari aliacha kula. "Uliandika kwamba hakuna shamba?"

"Ili lisifyekwe, mama."

"Najua. Si ndilo hili tunalolila?" Alisukuma sahani ya mlenda karibu na mkono wa Alute. "Lakini mume wangu hakuacha karatasi. Baba yake hakuacha karatasi. Tuliachiwa wimbo. Siku wanangu watakaporudi pale, mtu mwingine atasema ni kwake. Wao wataimba. Yeye ataonyesha sahihi yako."

"Nitaandika barua nyingine. Nitaeleza ukweli."

"Sasa hivi? Wakati tunapanda tena Desemba?"

Alute alirudisha tonge sahanini.

"Kula," alisema Damari. "Ugali unapoa."