Jina la Mtu Aliye Hai

Nilipoolewa Kisumu, kitu cha kwanza kupotea kilikuwa jina langu. Wanawake wa soko la Kondele, nilikouza viazi na kabichi za kwetu, waliniuliza nimetoka wapi. Nikasema Murang'a. Wakaniita Nyar Nyeri, yaani binti wa Nyeri. Nikawaeleza kwamba Nyeri na Murang'a ni mahali pawili tofauti.

"Ni sawa," akasema muuza nyanya aliyekaa kando yangu, "lakini Nyeri ndiyo tunaijua."

Basi nikawa binti wa mji niliowahi kuupita mara moja tu, tena nikiwa ndani ya lori.

Mume wangu alikuwa karani bandarini, msomaji mkubwa wa magazeti. Mtoto wetu wa kwanza, mvulana, alizaliwa mwaka ule Wamarekani walipotua mwezini, naye akaamua aitwe Apolo. Nilidhani padri angekataa. Padri wetu, Mzungu mwenye ndevu nyekundu, alifurahi hata akampa mume wangu mkono. Habari za mwezini hazikuwa zimemshughulisha. Apolo aliyemjua yeye ni yule wa Matendo ya Mitume, msemaji hodari wa Maandiko. Mume wangu akaitikia amina, na mtoto akabatizwa kwa jina la chombo cha angani, waumini wakipiga vigelegele.

Jina la nyumbani tukampa la baba mkwe, aliyekuwa amekwisha kufariki. Hapo ukoo wake ukaridhika, na ukoo wangu pia. Hakuna aliyegundua kwamba kila upande uliridhika kwa sababu yake tofauti.

Kisha nikajifungua msichana, mchana jua likiwa kali. Kwa Wajaluo, watu wa mume wangu, saa yenyewe huleta jina: wa usiku ni Atieno, wa asubuhi ni Akinyi. Muuguzi alikwisha kumwita Achieng', wa jua, kabla mimi sijamtazama vizuri. Lakini hilo halikuwa jina nililolifikiria. Kwetu Gikuyu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama. Hakuna kikao, hakuna kura. Mwanamke asiyempa mkwe wake jina amemtukana mbele ya watu.

Mama mkwe alikuja kutoka Usenge na kikapu cha omena, dagaa wa ziwani, kichwani. Nikampakatisha mtoto, nikamwambia kwa fahari, "Mama, huyu ni wewe." Nikalitamka jina lake, ambalo kwa lugha yao humaanisha aliyezaliwa wakati wa palizi.

Alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Mimi nakosea wewe nini?"

"Mama?"

"Mimi iko hapa. Napumua. Meno iko. Kwa nini wewe nazika mimi?"

Ndipo nilipojua. Kwao jina la ukoo hutoka kwa wafu. Marehemu anayetaka kurudi humsumbua mtoto, mtoto analia, jina la marehemu huyo likitajwa analia kidogo tu kisha anatulia. Jina la aliye hai haliguswi, maana mtoto akishalichukua, mwenyewe anangoja nini tena duniani? Na kama hilo halikutosha, akauliza ni nani aliyekuwa akipalilia mjini siku mtoto alipozaliwa. Alinirudishia mtoto, akajitwika kikapu chake na omena zake ndani, akaenda zake.

Jioni nikamkabili mume wangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Siku hizo yeye alikuwa na vita vyake. Alikuwa amelitupa jina la ubatizo, akatangaza ofisini kwamba asiitwe tena kwa jina la mkoloni. Papo hapo, kwa ajili ya binti yake, alikuwa ameweka tayari jina la binti wa mfalme fulani wa Ulaya aliyemwona gazetini. Nilipomwuliza kama huyo si mkoloni, aliniambia hilo ni jina la kimataifa.

Mama yangu akafika kutoka Murang'a. Alikuwa amesikia mkwe amepewa jina, akanikumbatia mlangoni. "Nilikulea vizuri," akasema. Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Mtoto naye akaanza kulia. Alilia akinyonya, alilia akibebwa, majirani wakaacha kubisha hodi. Habari zikafika Usenge, na mama mkwe akarudi, kwa sababu mtoto anayelia hivyo ameitwa vibaya, na aliyemwita vibaya alikuwa mimi.

Wakaketi sebuleni bibi wawili, kila mmoja na Kiswahili chake kidogo. Mama mkwe akaanza kutaja wafu. Akataja dada yake. Mtoto akalia. Akataja nyanya yake aliyekuwa mfinyanzi. Mtoto akazidisha.

"Ni tumbo," akasema mama yangu. "Lete maji moto."

"Si tumbo. Ni mtu."

Akafika kwenye jina la shangazi wa marehemu mumewe, mwanamke mgomvi aliyesifika kwa kumfukuza chifu kwa mwiko wa kupikia, kuni zikiwa bado zinawaka jikoni. Mimi nilikuwa nimechoka, nikamhamishia mtoto kwenye ziwa la pili. Akanyamaza kabisa.

"Umeona!" akasema mama mkwe.

"Ni ziwa," akasema mama yangu.

"Ni shangazi."

Mume wangu, aliyekuwa nyuma ya gazeti, alisema huenda ni vyote viwili, nao wakamtazama mpaka akatoka nje.

Walipobaki na mtoto amelala, mama yangu aliuliza kilichokuwa kikimkera.

"Kwa nini wewe kataa jina? Huyu binti yangu alipea wewe heshima."

"Heshima ya kaburi?"

"Kwetu mtu kukosa mtoto wa jina yake, hiyo ndiyo kufa. Mimi nangoja yangu. Nikienda bila jina kubaki, nani atajua mimi nilikuwa?"

Mama mkwe alimfunika mtoto miguu. "Hiyo," akasema, "hata mimi naogopa."

Kisha akatoa masharti yake. Mbele ya watu mtoto ataitwa kwa jina la yule shangazi. Lakini wakiwa wawili tu, yeye na mtoto, atamwita "wajina wangu," maana jina lao ni moja. "Na nikianza kukohoa," akaniambia, "mnaondoa jina mara moja."

Tulidhani yamekwisha. Ikabaki ubatizo. Padri alikataa jina la shangazi, akasema ni la kipagani, akataka la mtakatifu. Mume wangu akaleta la binti wa mfalme. Padri akauliza kama huyo ni Mkatoliki, hakuwa. Mama mkwe, aliyekuwa amevaa kanga mpya kwa ajili ya siku hiyo, akamwambia katekista amwulize padri jina lake mwenyewe linasema nini.

Padri alifurahi kuulizwa. Katika lugha ya babu zake, akasema, ni jasiri kama dubu. Katekista hakuwahi kumwona dubu, akatafsiri alivyoweza: "Ni kama fisi, lakini mnene."

Mama mkwe akatikisa kichwa. Akasema kwa Kijaluo, na muumini wa benchi la mbele akainama ili asicheke, "Kwa hivyo fisi ni mtakatifu, na shangazi yetu ni dhambi."

"Anasemaje?" padri akauliza.

"Anashukuru," akasema katekista.

Akabatizwa Maria. Hapakuwa na wa kupinga Maria.

Mama mkwe hakukohoa. Miaka ile yote alikuja na kikapu chake, na lile sharti la kuitana faraghani alilivunja yeye mwenyewe, kwani alianza kuita "Wajina!" akiwa bado barabarani, mtaa mzima ukisikia. Mama yangu akija, alimwita mtoto vivyo hivyo kwa jina la mama mkwe, jinsi Mungu alivyokusudia. Baba yake alimwita binti wa mfalme. Majirani walisema Achieng'. Mtoto aliitika kwa yeyote aliyeshika chakula.

Alipoingia darasa la kwanza, wiki haikuisha kabla mwalimu hajaniita shuleni. Nilimkuta amekunja uso, binti yangu amesimama kando yake na chaki kwenye nywele.

"Mama, huyu mtoto ni kiziwi? Kila asubuhi naita Maria, Maria, ananitazama tu."

"Si kiziwi, mwalimu."

"Basi anaitwa nani?"

"Na nani?" nikamwuliza.

Mwalimu hakucheka. Alimhamisha Maria akamketisha benchi la mbele, karibu na ubao, ili asikie vizuri.