Kiti cha Adero

Saa moja asubuhi, mtaa wa Nyalenda. Dalmas Obiero anasoma kwa sauti, peke yake chumbani: "Alifungua mlango, mkato, akamwita shemeji yake, nukta."

Ukuta unagongwa.

"Mzee! Umeoa mwingine?" anauliza jirani yake, Nabalayo, muuza mandazi.

"Nani ataolewa na mtu wa nukta na mkato, Mama?"

Nabalayo anacheka.

Obiero ana miaka hamsini na minne. Tangu 1968, alipoacha kupanga herufi katika kiwanda cha chapa, anasahihisha hadithi nyumbani. Mchapishaji wa Nairobi humtumia kwa posta muswada wa mwandishi pamoja na prufu, karatasi za kwanza kutoka mtamboni, azilinganishe. Mwaka ukiwa mzuri hupata vitabu vitano.

Ni kazi ya watu wawili. Mkewe, Adero, alikuwa akisoma muswada kwa sauti, kila nukta. Obiero alikuwa akifuata prufu kwa rula na kalamu nyekundu.

"Aliwagombeza watu wa hadithini," anasema. "'Wewe mwanamume, huoni unadanganywa?' Namwambia, soma tu, Mama."

Adero alizikwa nyumbani kwa mumewe, Seme, karibu na Kombewa, Machi 1973.

Katika kitabu kilichofuata, mama mmoja anakufa sura ya nne. Sura ya tisa mwandishi, kwa kusahau, akamrudisha: anawaita watoto waje kula. Obiero alipaswa kuweka alama. Hakuweka.

"Niliona," anasema, akiitazama rula. "Kalamu ilikuwa mkononi. Nikasema, acha awapakulie kwanza."

Kitabu kilichapwa hivyo. Mchapishaji akaandika: kosa jingine, hakuna kazi tena.

Prufu za sasa zinatakiwa posta Ijumaa. Leo ni Jumanne, na macho ya mtu mmoja huruka mistari.

Saa nne Nabalayo anaingia na beseni tupu. Alisoma hadi darasa la saba.

"Lete nisome, Mzee. Nimechoka kusikiliza kupitia ukutani. Huyo shemeji alitoka au hakutoka?"

Anabaki amesimama. Kiti cha pili kina leso ya Adero. Obiero anaichukua, anaikunja polepole, anaiweka juu ya sanduku.

"Keti, Mama. Na nukta usiziruke."

Akimaliza Ijumaa, Obiero anataka kumwandikia mchapishaji: kitabu kile cha mama aliyekufa kikichapwa tena, atasahihisha sura ya tisa bila malipo.

"Nitashauri shangazi yao ndiye awaite," anasema. "Watoto lazima wale."