Sauti ya Omine

Takeji alikuwa na kipaji, na kipaji bila haya ni balaa. Zama hizo sinema zilikuwa bubu. Msimulizi alisimama kando ya pazia akiwasemea wote, wanaume kwa wanawake, na mjini Ogaki watu walikuja kumsikia Takeji, si kuona picha.

Wiki ile picha ilikuwa ya mke aliyesingiziwa kumwingiza mwanafunzi nyumbani mumewe akiwa safarini. Ukumbi ulikuwa umepoa. Takeji, kiu ya sifa ikamshika, akamsemea yule mke kwa lafudhi ya Omine, muuza tofu, ile jibini laini ya soya, aliyeolewa pale kutoka kaskazini: "Zijafanya neno baya, bwanangu!" Lo! Watu walicheka hadi wakagaagaa kwenye mikeka. Basi naye akakoleza.

Kufikia jioni ilishakuwa habari. Kwani Omine si hupeleka tofu bweni la wanafunzi kila asubuhi?

"Palipo na moshi hapakosi moto," wakasema akina mama kisimani.

Kesho yake Kanzo, mume wa Omine, akamfuata Takeji mlangoni kwake.

"Bwana msimulizi, unajua nini juu ya mke wangu?"

"Sijui lolote, kaka. Ulikuwa utani tu."

"Utani! Ukumbi mzima umemcheka. Mama yangu anataka arudishwe kwao, na sasa hivi Omine anafunga mzigo."

"Basi nije nimweleze mama."

"Umemtia aibu mbele za watu, halafu uje kumsafisha jikoni?"

Takeji hakula siku hiyo. Alikuwa amemdhulumu mwanamke asiyemkosea chochote, tena kwa sauti ileile inayomlisha.

Mchana ukumbi ulifurika. Yule mke alipotokea kwenye pazia, Takeji akamsemea kwa sauti safi, ya heshima. Wakamzomea.

"Aa, wapi! Tupe Omine!"

Akaja mzushi wa kwenye picha, akimnong'oneza mume. Takeji akaacha sauti zote za kuigiza, akabaki na yake ya nyumbani, ile anayonunulia tofu.

"Mimi Takeji nimemsingizia. Omine hana doa. Nilitaka mcheke, basi."

Hakucheka mtu. Nyuma kabisa Kanzo akainuka, akatoka. Takeji akaketi, picha ikaenda bubu hadi mwisho.

Omine hakurudishwa kwao. Asubuhi tarumbeta yake ndogo ya kuitia wateja ililia mtaani kama kawaida, na Takeji akatoka mbio na bakuli, moyo umemtulia.

"Habari za asubuhi, dada? Tofu ya leo laini?"

Omine akamkatia kipande, akamwekea bakulini. Bei akaionyesha kwa vidole.

"Dada, nimekosa. Nisamehe. Nitukane basi, sema hata neno moja!"

Omine akafunika ndoo, akajitwika begani mti wa kubebea ndoo. Nyumba ya tatu kibibi kimoja kikamuuliza kama amebakiwa na tofu ya kukaanga. Omine, aliyezoea kupiga soga kila mlango, naye akamjibu kwa vidole.