Pweza wa Chumbani kwa Mke Wangu

Nyumba hii ya Pongwe nimeijenga kwa pweza. Shule niliacha darasa la pili, sikumwomba mtu kitu, nikanunua pweza kwa wanawake wa pwani na kuuza mjini mpaka nikaezeka bati. Kwa hiyo majirani waliponiona naingiza pweza mzima ndani, nimemwekea tangi la kioo chumbani, walikuwa na haki ya kucheka. Mmoja aliniuliza mlangoni, "Mzee, huyo unamnenepesha au amekuja kuposa?" Nikamwambia aende zake.

Sababu ilikuwa mke wangu. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, kikaondoka na maneno yake. Nilipomwoa alikuwa akishuka mwambani kila bamvua, maji yakishatoka, chuma mkononi, na tundu la pweza analijua kwa maganda ya kaa yaliyotupwa mlangoni. Mimi nilikuwa muuzaji tu. Mvuvi alikuwa yeye. Sasa alilala akiangalia dari, na chakula hataki. Binti yetu, ambaye ndiye anayetutunza, akimsogezea kijiko, mama yake anafunga meno. Hospitali walisema asipokula hatafika mbali. Hilo sikuhitaji daktari kuniambia.

Nikaona labda macho yake yakipata kitu anachokijua, mwili utafuata. Fundi kioo akanitengenezea tangi, nikanunua pampu ya hewa, na maji ya bahari yakawa yanakuja kila siku kwa bajaji, kwenye madumu. Nikamwomba mama mmoja wa Ushongo anitafutie pweza asiye na jeraha. Alinitazama kama nimerukwa na akili. Sisi pweza tunajua kumchoma, kumgeuza kichwa nje ndani na kumpiga chini mpaka alainike; kumtunza nani alitufundisha? Lakini alimtegea chungu, pweza akaingia mwenyewe, na yule mama akaniletea pamoja na chungu chake.

Juu ya kifuniko niliweka tofali, maana pweza hana mfupa, anapita popote. Siku ile ya kwanza nilimtupia kaa. Akatoka chunguni, akageuka rangi, akamfunika yule kaa kama kanga iliyodondoka. Mke wangu akageuza kichwa kutazama. Nilikuwa nimeshika kijiko cha uji. Nilipomsogezea, akafungua mdomo.

Tangu hapo ikawa desturi: pweza ale kwanza, kisha mke wangu naye ale. Binti akawa anawaambia watu baba amepata mke wa pili wa mikono minane. Mimi nilijiona mjanja kuliko hospitali.

Kisha pweza akaacha kutoka. Kaa anapita mbele ya chungu, yeye anampulizia maji aende mbali. Nikamulika ndani kwa tochi. Juu, kwenye ukuta wa chungu, vimening'inia vitu vyeupe kama punje za mchele zilizotungwa kwenye uzi. Mayai. Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba jike akishataga hali tena. Hukaa anayapulizia mayai yake mpaka afe. Mke wangu hakuhitaji tochi. Alimwona kaa akirudishwa, akaelewa kabla yangu, na mdomo akaufunga.

Nilimbembeleza. Nikamwambia mwenzangu, wewe si pweza. Binti alipika uji wa maziwa, akatia iliki, akaenda kulia jikoni. Mke wangu akawa mwepesi hata kumgeuza kitandani ilikuwa kama kugeuza mkeka. Na yule jike akapauka, ngozi ikamlegea, bado anapuliza.

Asubuhi moja nilipotoka kuswali nikamkuta amekufa, amelala nje ya chungu, mweupe. Mke wangu alikuwa hajaamka. Dawa zilikuwa zikimlaza hadi mchana. Nikakumbuka biashara yangu. Mnunuzi gani aliwahi kutofautisha pweza na pweza? Ilikuwa bamvua. Nikawapigia simu watu wa pwani, akaja mwingine kwenye ndoo, ukubwa uleule. Maji ya zamani nikayamwaga yote, pamoja na yule mfu na chungu chake, kisha nikamtia huyu tangini.

Huyu mpya alikuwa na njaa. Mke wangu alipofumbua macho nikatupa kaa, akadakwa kabla hajafika chini. Nikachukua kijiko. Nikamwambia tazama, mwenzio amepona, anakula.

Alimtazama muda mrefu. Mkono mmoja wa yule pweza ulikuwa umekunjwa ncha, hautaki kugusa kaa. Midomo ya mke wangu ikahangaika, ikatoa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu kiharusi.

"Huyo dume."

Ni kweli. Dume ndiye anayeukunja mkono ule. Mimi, pamoja na pweza wote walionipitia mikononi, siku ile nilikuwa na haraka, sikuangalia. Binti akaja mbio kwa furaha kwamba mama amesema. Mimi sikufurahi.

"Jike yuko wapi?" mke wangu akaniuliza.

Nikamwambia amekufa.

"Na mayai?"

Nikasema nimeyamwaga.

Hakulia. Aligeukia ukutani, kwa ule upande unaoweza kugeuka. Hajasema neno jingine hadi leo.

Dume anakula kila ninachomtupia. Siku hizi akiniona anakuja mwenyewe kwenye kioo. Mke wangu hamtazami. Asubuhi hii binti alinisihi, "Baba, mwache mama apumzike." Nikamjibu sitamwacha. Nikasogeza kijiko kwenye ile midomo iliyofungwa, na uji ukateremka shavuni mpaka kwenye mto.