Matanga Yaliyotangazwa Kama Sherehe

Kwenye tramu ya kwenda Laeken, maman mmoja mbele yangu alikuwa akisikiliza redio ya mtaa kwenye simu. Kwaya ikaimba, mtangazaji akashangilia: "Waafrika wa mtaa wa Forest wanajua kusherehekea!"

Maman akazima, akaifunika simu kwa viganja vyote viwili.

"Ile ni matanga ya mutoto yangu," akaniambia. "Tulikuwa tunamulilia, bo banasema ni fête. Na ule journaliste mwenye alikuya kurekodi, tulimupa hata chakula!"

Nikawapigia redio palepale, nikawaeleza kwamba yale yalikuwa matanga. Wakanijibu kwamba wasikilizaji wameupenda wimbo, watautangaza tena Jumapili.

Yaani mtu anashinda ukumbini na kipaza sauti, anakula wali wa wafiwa, anasifu vitenge, halafu kuuliza tu nani amekufa kunamshinda!