Mafuta nyekundu

"Hapana, Mama, ile rangi nyekundu ya mafuta ya ngazi, ya mawese, haiko uchafu! Unasema watu wote wanaichoma mpaka inakuwa nyeupe. Bon, na sisi tuliichoma. Na Héri je?"



Mangaribi moja, nilikuwa bado mutoto. Tonton, kaka ya Mama, alikuwa anakuja kutoka Makiso, kule katikati ya muji, alors Mama akachoma mafuta ikuwe safi kwa mugeni. Moshi ikatusonga, macho ikatoka machozi, na mimi nilifurahi, juu niliwaza ni uchafu iko inatoka. Jua ilikuwa inaingia. Mudogo yangu Héri akaingia na akatia muguu ndani ya sufuria ya pondu, majani ya muhogo.

"We kipofu!" nikacheka. Mama akamupiga kofi. Hakuna mutu aliuliza kama aliona ile sufuria.

Kisha jicho yake moja ikakufa. Ku masomo ndio nilijua ile nyekundu ndiyo inalisha macho, na moto mingi inaiua.

Jana mangaribi Bijou, mutoto ya dada yangu, alikuwa anapapasa chini, anatafuta kikombe. Ilikuwa mbele yake.

Kesho asubuhi nitamupeleka ku centre de santé, wamupime macho. Na pondu nitapika mimi, na mafuta yake nyekundu.